Pembe za Shamba si Zako

Ifikapo miezi ya Juni na Julai, baridi inapokuwa kali katika milima ya Mufindi na Kilolo, na umande umelala juu ya majani hata jua likiisha kupanda, wenye mashamba huingia kuvuna mahindi yao. Nyuma yao mara nyingi utamwona mama mzee na kikapu chake, au watoto wawili watatu, wakiinama kuokota yale yaliyosahauliwa na wavunaji. Aghalabu hakuna awafukuzaye. Mwenye shamba akiwakemea, majirani watamhesabu kuwa mtu wa roho mbaya, wala hawatasahau upesi.

Desturi hiyo ni ya kale kuliko mashamba yetu. Katika Kitabu cha Ruthu twasoma habari za mwanamke mjane wa Moabu, aliyemfuata mama mkwe wake Naomi hata Betlehemu. Huko hakuwa na shamba, wala mume, wala ndugu wa kumsemea. Basi akatoka asubuhi kwenda kuokota masazo nyuma ya wavunaji katika shamba la tajiri mmoja jina lake Boazi. Kwa nini alithubutu? Kwa sababu sheria aliyopewa Musa iliagiza kwamba mwenye shamba asivune hata pembeni kabisa, wala asiurudie mganda aliousahau. Pembe za shamba na vilivyoanguka ni vya maskini, na mgeni, na yatima, na mjane.

Wasomaji wapenzi, angalieni mambo matatu katika habari hiyo. La kwanza, masazo hayakuwa sadaka. Mwenye shamba hakuombwa awe na moyo mwema. Aliambiwa kwamba sehemu ile si yake. Akiivuna amekula mali ya mwingine. La pili, maskini hakuletewa chakula mlangoni. Alikuja mwenyewe, akainama, akatoka jasho. Nasi twaambiwa kwamba Ruthu alifanya kazi tangu asubuhi, na jioni akapura alichokiokota, kikawa kipimo chema cha shayiri. La tatu, Boazi hakutosheka kuijua sheria. Aliwaamuru vijana wake wasimguse mwanamke yule wala wasimkemee, tena waache masuke kwa makusudi mahali atakapopita.

Mwafahamu bila shaka kwa nini tumeanza shambani. Leo twataka kusema juu ya shamba kubwa kuliko yote katika wilaya zetu za Mbeya na Iringa, nalo ni halmashauri.

Shamba la wote

Halmashauri hununua madawati ya shule, meza za zahanati, karatasi za ofisi na chakula cha mikutano. Hutafuta watu wa kufagia masoko, wa kulinda majengo, wa kukusanya ushuru, wa kujenga madarasa na kutengeneza barabara ndogo. Mwaka 2021 Serikali ilipojenga madarasa 15,000 katika nchi nzima kwa fedha za mkopo wa kukabili madhara ya UVIKO-19, kazi nyingi zilifanywa na mafundi wa mahali penyewe, waliochaguliwa na kamati za shule na vijiji. Basi mtu asidhani kwamba zabuni ni neno la Dodoma na Dar es Salaam tu. Imefika hata kwa fundi mwashi wa kijijini.

Na fedha hizo zatoka wapi? Nyingine hutoka Hazina, yaani katika kodi ya wananchi wote. Nyingine hutoka kwa mama auzaye ndizi sokoni Mwanjelwa, kwa mkulima wa mpunga wa Mbarali na Kyela, kwa mpasua mbao wa Mafinga, kwa mwenye viazi wa Rungwe. Hao ndio wenye shamba. Mkurugenzi, diwani na ofisa ununuzi ni mawakili tu, na wakili ataulizwa hesabu siku moja.

Tena sheria za nchi yetu zimekwisha kuziwekea alama pembe za shamba hilo. Yafaa kila Mkristo azijue, kwa maana asiyeijua haki yake hupokonywa huku akishukuru. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, pamoja na kanuni zake, iliagiza kwamba asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma itengwe kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Sheria mpya ya mwaka 2023 iliyoshika mahali pake imelidumisha agizo hilo. Kadhalika, tangu mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa yazitaka halmashauri zitoe asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana, na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 walio watu wenye ulemavu. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumbagua mtu kazini kwa kabila, mahali alikotoka, dini, jinsia, mimba au ulemavu wake.

Je, ni upendeleo?

Mtu mmoja aweza kuuliza: “Ikiwa sote tu sawa mbele ya sheria, kwa nini wengine watengewe fungu? Huo si ubaguzi mwingine uliovikwa nguo nzuri?” Swali hilo si la kijinga, nasi tutalijibu kwa heshima.

Wazee wetu waliijua nchi ambayo kazi na mishahara ya Serikali vilipangwa kwa rangi: Mzungu kwanza, Mhindi wa pili, Mwafrika mwisho. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, ilikuwa lazima Waafrika watangulizwe katika kazi za Serikali, maana walikuwa wamefungiwa mlango muda mrefu. Lakini katika Januari 1964 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba raia asiye Mwafrika asibaguliwe tena katika kuajiriwa wala katika kupandishwa cheo. Raia awe raia. Wapo ambao hawakupendezwa. Yeye aliona kwamba dawa iliyotolewa kumponya mgonjwa ikiendelea baada ya ugonjwa, yageuka kuwa sumu.

Hapo twajifunza mambo mawili. Kumtanguliza aliyenyimwa si ubaguzi, madamu kwakusudiwa kumfikisha mahali walipo wenzake. Hata Katiba yetu, katika ibara ya 13 ikatazayo ubaguzi, yasema wazi kwamba katazo hilo haliizuii Serikali kuchukua hatua za makusudi za kuondoa matatizo katika jamii. Lakini kumtanguliza mtu kwa kuwa ni wa damu yetu, wa lugha yetu au wa chama chetu, hali hakunyimwa kitu, huo ndio ubaguzi wenyewe. Mama agawaye chakula nyumbani aijua tofauti hiyo bila kusoma kitabu. Mtoto aliyekuwa mgonjwa hupakuliwa kwanza, na ndugu zake hawanuni. Lakini mama akimpakulia kwanza kila siku mtoto ampendaye tu, nyumba ile haitakuwa na amani.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba kila ubaguzi katika haki za msingi za mtu, uwe wa jinsia, rangi, hali ya maisha, lugha au dini, wapingana na mapenzi ya Mungu na wapaswa kuondolewa. Basi mwenye kuitimiza sheria hii ya nchi kwa moyo safi, analitimiza pia fundisho la Kanisa.

Wezi wa masazo

Sheria ni njema. Mbona basi wajane wengi bado warudi nyumbani na vikapu vitupu? Tuseme kweli, hata ikiwa yauma. Pembe za shamba huvunwa na wasiostahili, na njia zao ni nne.

Njia ya kwanza ni kuvaa nguo za mjane. Mfanyabiashara mwenye nguvu huwakusanya akina mama watano, huandika majina yao, huwafungulia hesabu ya benki, na zabuni ikiisha kupatikana huwapa kila mmoja fedha ya kununua kitenge. Kazi ni yake, faida ni yake; akina mama waliazimwa kama vikapu. Vivyo hivyo kwa mikopo. Katika Aprili 2023 Serikali iliisimamisha mikopo ile ya asilimia 10, baada ya taarifa za ukaguzi kuonyesha kwamba fedha nyingi hazikurejeshwa na kwamba vikundi vingine vilikuwa vya karatasi tu. Ilirudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Tufikiri sana juu ya kipindi kile. Wenye hila walikula, na adhabu ikawafikia akina mama waaminifu waliokuwa wakingoja zamu yao. Ndivyo ilivyo dhambi: mmoja hula, wengi huvimbiwa.

Njia ya pili ni kuficha mlango. Zabuni za umma siku hizi hupitishwa katika mfumo wa elektroniki uitwao NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, na kazi nyingi za Serikali huombwa vivyo hivyo kwa mtandao. Jambo hilo lina wema wake, kwa kuwa mtambo hauulizi u mtoto wa nani. Lakini mama wa kijiji cha mbali huko Kilolo au Busokelo, asiye na simu ya kufaa, wala nambari ya mlipa kodi, wala mtu wa kumwonyesha, ataliona tangazo lini? Ofisa ajuaye hayo, tena aliyewekwa na kulipwa ili awasaidie watu hao, akikaa kimya mpaka siku za kuomba zimekwisha, hakuvunja kufuli la mtu, lakini ameiba. Boazi aliwaagiza vijana wake waache masuke mahali atakapopita Ruthu. Hakuyaficha chini ya majani kisha akasema kwamba shamba lilikuwa wazi kwa wote.

Njia ya tatu ni hongo. Wapo wanaojitetea kwa methali isemayo mkono mtupu haulambwi. Methali hiyo yafaa kuwafundisha watu ukarimu. Haikutungwa iwe bei ya haki. Tena yawapasa wazazi wajue kwamba kuna mabinti wanaodaiwa si fedha bali heshima yao, ndipo majina yao yaingie katika orodha ya walioajiriwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imelitaja kosa hilo waziwazi. Mbele ya Mungu ni uovu wa namna mbili kwa pamoja, maana ni wizi wa kazi na unajisi wa mwili ulio hekalu la Roho Mtakatifu. Binti aliyekataa akarudi nyumbani bila kazi asichekwe na mtu. Huyo amemheshimu Mungu kuliko wengi wetu tukaao viti vya mbele kanisani.

Njia ya nne husahauliwa mara nyingi, kwa kuwa haina kelele. Ni kuchelewesha malipo. Tutoe mfano. Yuko fundi seremala mwenye ulemavu wa miguu, aishiye kando ya Mafinga. Yeye na wenzake wanne wamepewa kazi ya kutengeneza madawati. Wamekopa fedha, wamenunua mbao, wamepiga randa usiku na mchana, na madawati yamepokewa. Watoto wanayakalia. Lakini hati ya malipo imelala mezani mwa mtu mwezi wa kwanza, wa pili, wa tano. Mkandarasi mkubwa aweza kungoja, kwa sababu ana kazi nyingine na ana benki ya kumwamini. Fundi wetu hawezi. Mwenye mbao amdai, mtoto afukuzwa shule, kikundi chavunjika. Mwaka unaofuata ofisi yaandika kwamba watu wenye ulemavu hawakuomba zabuni. Hawakuomba, ndiyo, lakini ni nani aliyewafundisha wasiombe?

Katekisimu tuliyoisoma utotoni yahesabu kuunyima ujira wa mfanyakazi kuwa miongoni mwa dhambi zimliliazo Mungu mbinguni. Papa Leo XIII aliyarudia mafundisho hayo mwaka 1891, katika barua yake juu ya hali ya wafanyakazi. Malipo yaliyocheleweshwa bila sababu ya haki ni ujira ulionyimwa, hata ukilipwa baadaye. Ofisa mkristo anayepokea Komunyo Takatifu Jumapili, naye ameikalia hati ya maskini juma zima kwa uvivu au kwa kungoja kitu kidogo, na ajichunguze.

Kazi ni ya nani?

Tumesema juu ya zabuni. Sasa tuangalie ajira yenyewe, maana hapo majaribu huja kwa sura ya undugu, na undugu ni kitu chema.

Nchi yetu ya Nyanda za Juu Kusini si ya kabila moja. Tangu dhahabu ya Lupa ilipowavuta watu katika miaka ya 1930, Chunya imekaliwa na watu wa makabila mengi. Katika bonde la Usangu, Wasangu, Wahehe, Wabena, Wanyakyusa na Wasukuma huchanganyika katika mashamba ya mpunga na malisho. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, iliwaleta Mbeya watu wa kila upande. Basi ikitokea nafasi ya mtendaji, ya mlinzi, ya dereva, au ya kibarua cha barabara, neno husemwa chinichini: “Huyu si wetu.” Katika mji huu wasema hivyo juu ya Mnyakyusa, katika mji ule wasema hivyo juu ya Mhehe. Na yule aliyebaguliwa Iringa, akipata cheo Mbeya, huwatendea wengine yale aliyotendewa.

Kwa sababu hiyo sheria ilirekebishwa mwaka 2007 na kuianzisha Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ili watumishi wengi wapatikane kwa usaili wa wazi. Lakini zipo kazi nyingi ndogo, za mkataba na za vibarua, ambazo bado huamuliwa na watu wa mahali penyewe. Huko hakuna mtambo. Kuna dhamiri tu.

Ugomvi wa namna hiyo uliingia hata katika Kanisa la kwanza. Twasoma katika Matendo ya Mitume kwamba Wakristo wasemao Kiyunani walinung'unika, kwa kuwa wajane wao walisahauliwa katika huduma ya kila siku, na wajane wa Kiebrania wakapewa. Mitume wangeweza kuwaambia wanyamaze. Wangeweza kusema kwamba manung'uniko ni dhambi. Hawakufanya hivyo. Waliita mkutano wa wote, wakataja sifa zitakiwazo, yaani jina jema, Roho Mtakatifu na hekima, kisha mkutano wenyewe ukawachagua watu saba. Nanyi tazameni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Waebrania, waliokuwa wengi na wenye nguvu, walikubali huduma iwe mikononi mwa watu wenye majina ya upande ule ulioonewa.

Mambo yote ya ajira ya haki yamo katika habari hiyo fupi: malalamiko yasikilizwe, sifa zitangazwe kwanza, uchaguzi ufanyike hadharani, na aliyesahauliwa asiwe mtu wa kupewa tu bali apate pia kugawa. Hili la mwisho ni kubwa. Hatutaki wanawake na watu wenye ulemavu wangojee mlangoni kupokea kazi tu. Twataka wawemo pia katika kamati zitoazo kazi.

Maneno kwa pande zote

Yatupasa kuwaambia kweli hata wale tunaowatetea. Ruthu hakukaa chini ya mti akilia kwamba yeye ni mjane. Alifanya kazi, na kazi yake ikaonekana. Kikundi kilichopewa zabuni ya madawati kikatengeneza madawati yanayovunjika kabla ya mwaka kwisha, kimewaibia watoto, tena kimewafungia mlango wenzao watakaokuja. Kikundi kilichokopeshwa bila riba kikagawana fedha na kutawanyika, kimekula mbegu ya mama mwingine. Unyonge si ruhusa ya udanganyifu.

Tena tusiwanyoshee wengine kidole huku mkono wetu ni mchafu. Parokia zetu hujenga, shule zetu huajiri, hospitali zetu hununua. Je, twatangaza kazi zetu, au twampa mpwa wa mwenyekiti wa kamati? Je, fundi aliyejenga nyumba ya mapadre amelipwa kwa wakati, au ameambiwa ahesabu jasho lake kuwa sadaka? Katika ofisi zetu, mtu wa kiti cha magurudumu apita mlango upi? Tukishindwa kujibu, tuanze kutengeneza kwetu kabla ya kuandika barua kwa Mkurugenzi.

Na kila mwamini afanye lililo katika uwezo wake. Jumuiya Ndogondogo zikikutana, kijana mmoja ajuaye kusoma matangazo ya zabuni na ya ajira na awasomee wenzake kwa sauti. Mkutano mkuu wa kijiji ukiitwa kusikia mapato na matumizi, tuende, tuulize kwa adabu: asilimia 30 ilikwenda kwa nani? Kikundi kilichopata kinaishi wapi? Kimelipwa? Maswali hayo si uasi. Ni haki ya mwenye shamba kumwuliza wakili wake.

Mwisho, twapenda kusema neno na yule ambaye amesoma mpaka hapa na moyo wake unapiga kwa nguvu, kwa kuwa ajua kwamba alikwisha kuzivuna pembe hizo. Ndugu, usikate tamaa, wala usijidanganye. Amri ya saba haitimizwi kwa majuto peke yake. Mali ya mwingine hurudishwa. Zakayo wa Yeriko alikuwa mkuu wa watoza ushuru, mtu wa kazi ya mapato kama wewe. Siku Bwana Yesu alipoingia nyumbani mwake hakusema kwamba atasali zaidi. Alisimama mbele ya watu, akasema kwamba nusu ya mali yake atawapa maskini, na kama amemnyang'anya mtu kitu, atamrudishia mara nne. Hapo ndipo alipoambiwa kwamba wokovu umefika katika nyumba ile.

Basi rudisha. Kama hati ya fundi imelala mezani mwako, itie sahihi kesho asubuhi. Kama uliandika majina ya akina mama wasiopata kitu, wape fungu lao. Kama ulimpa nduguyo kazi ya mtu aliyestahili, nafasi nyingine ikitokea, mwite yule uliyemnyima. Haitakuwa rahisi, na pengine utachekwa.

Lakini mavuno yatakuja tena mwakani, na yule mama mzee atakuja tena na kikapu chake, akisimama pembeni mwa shamba katika baridi ya asubuhi. Mungu atujalie asikute ardhi tupu, wala asilazimike kutushukuru kwa kilicho chake.